Tumechanga kwa ajili ya Wakristo wanaoteswa: fedha zipite wapi hadi zifike?

"Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mhazini wa jumuiya ndogondogo katika parokia moja hapa Mwanza, upande wa Igoma. Wakati wa Kwaresima tulisimuliwa habari za padre mmoja wa Poland, profesa wa chuo kikuu, aliyeongoza misaada kwa Wakristo wanaoteswa huko Iraq na Syria. Jumuiya nne tukaguswa, tukachanga shilingi 4,860,000, na juu yake magunia sita ya nguo na dagaa wakavu karibu kilo 150. Sasa tumegawanyika. Wengine wanataka tumtumie padre mmoja tuliyekutana naye kwenye kundi la WhatsApp. Anasema yuko Nigeria, kanisa lake limechomwa, na anaomba tutume kwa simu. Wengine wanasema mashirika makubwa hula nusu. Mzee wetu mmoja anauliza padre msomi anahusikaje na magodoro na unga, wakati kazi yake ni altare na darasa. Akina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, wanasisitiza nguo ziende, maana baridi ya huko ni kali. Fedha ziko kwenye simu yangu tangu Pasaka na sina usingizi. Nifanye nini?"

Milele amina, ndugu mhazini.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Fedha hizo zitoke kwenye simu yako wiki hii, hata kabla hamjaamua ziende wapi. Hakuna anayekushuku. Lakini laini ikipotea, au mwenye laini akifariki, mchango wa jumuiya nne unageuka salio la mtu mmoja, na ndugu wa marehemu watauhesabu kama mirathi. Kaeni kikao kifupi, wenyeviti wanne na makatibu wao, muandike muhtasari: kila jumuiya ilitoa kiasi gani, lini, makato ya kuhamisha fedha ni kiasi gani, na mchango ulikuwa wa kusudi gani. Makato yaandikwe yalivyo. Usiyafidie kimya kimya kutoka mfukoni mwako, maana mhazini atakayekupokea ataulizwa kwa nini hesabu yake haifanani na yako. Kisha fedha ziingie akaunti ya parokia, na risiti iseme hivi: "Mchango wa jumuiya nne kwa ajili ya Wakristo wanaoteswa, si kwa matumizi mengine."

Maneno hayo yana nguvu ya sheria. Kanuni ya 1267, kifungu cha 3, ya sheria za Kanisa inasema sadaka iliyotolewa na waamini kwa kusudi maalumu haiwezi kutumika ila kwa kusudi hilo. Upepo ukiezua bati la kigango kesho, paroko hawezi kuchota humo. Bila maneno hayo, fedha zinasomeka kama mchango wa kawaida, na hata paroko mwaminifu akihamishwa anamwachia mwenzake kitabu kisichojieleza.

Ipo kanuni nyingine ambayo wachangishaji wengi hawajaisikia. Kanuni ya 1265 inakataza watu binafsi kuchangisha kwa ajili ya taasisi au kusudi la Kanisa bila ruhusa ya maandishi ya mkuu wao wa Kanisa na ya askofu wa mahali. Kwa hiyo mwombeni paroko aiarifu ofisi ya Jimbo Kuu kuhusu mchango huu uliokwisha kufanyika. Mkitaka kuurudia kila Kwaresima au kuzungukia parokia nyingine, ombeni barua kwanza. Sheria hiyo haikuwekwa kuwabana wakarimu. Inamlinda mtoaji dhidi ya watu wa aina ile ninayoigusa sasa.

Huyo padre wa WhatsApp msimtumie chochote kwa njia aliyoitaja. Simwiti tapeli, maana simjui. Ninachokuambia ni kwamba hata akiwa padre wa kweli, njia hiyo ni mbaya kwake. Nigeria ni nchi ambayo mapadre wametekwa mara nyingi ili kudai fidia. Padre anayejulikana kupokea fedha za ng'ambo kwenye simu yake binafsi anajiongezea hatari, na wanaoishi naye pia. Padre ambaye kanisa lake limechomwa ana askofu, na askofu ana akaunti ya jimbo. Mwulizeni jina la parokia, jina la jimbo, na kama askofu wake ameandika barua kuhusu tukio hilo. Halafu msiithibitishe barua kwa namba aliyoitoa yeye. Pelekeni maelezo yake kwa paroko, aombe ofisi ya Jimbo Kuu iulize ofisi ya askofu wa huko, ofisi kwa ofisi. Vatikani huchapa kila mwaka kitabu kiitwacho Annuario Pontificio, chenye majimbo yote ya dunia na anwani zake, kwa hiyo kujua kama jimbo fulani lipo na linaongozwa na nani si kazi ngumu.

Wakati mnasubiri, angalieni dalili. Mwenye shida ya kweli huweza kusubiri barua ya askofu wiki mbili, kwa sababu amezoea kuiomba. Tapeli huleta haraka: mgonjwa anafariki usiku huu, lori linaondoka kesho. Picha ya kanisa lililoungua ipitisheni kwenye huduma ya kutafuta picha mtandaoni, muone kama ilishatumika miaka mitano nyuma kwa tukio la nchi nyingine. Akikasirika kwa kuulizwa maswali, hilo nalo ni jibu. Na ujumbe wa kitapeli ukitoka kwenye namba ya hapa nchini, upelekeni pamoja na namba yenyewe kwenda 15040, kisha mkatoe taarifa polisi.

Sasa niseme misaada hii husafiri vipi hasa, kwa sababu hofu ya "mashirika kula nusu" hutokana na kutoiona njia yenyewe.

Shirika mlilosikia habari zake ni Shirika la Kipapa la Kanisa Hitaji, ambalo wengi hulijua kwa herufi ACN. Lilianzishwa mwaka 1947 na Padre Werenfried van Straaten, mtawa wa shirika la Wapremonstratensi katika abasia ya Tongerlo, Ubelgiji. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na mamilioni ya Wajerumani waliofukuzwa mashariki mwa Ulaya walikuwa wakiishi kwenye mahandaki na makambi. Yeye akawaendea Wabelgiji, watu waliokuwa wametoka kukaliwa na majeshi ya Ujerumani, akawaomba wawape chakula maadui wa jana. Wakulima wa Flandria wakatoa nyama ya nguruwe kwa wingi hata akabandikwa jina la Padre wa Nyama ya Nguruwe. Mwaka 2011 Papa Benedikto wa 16 aliliinua shirika hilo kuwa taasisi ya kipapa. Makao yake ya kazi yako Königstein, Ujerumani, na lina ofisi katika nchi kadhaa. Ya Poland ilifunguliwa mwaka 2006, na kwa miaka mingi iliongozwa na Padre Waldemar Cisło, profesa wa Chuo Kikuu cha Kardinali Stefan Wyszyński, Warsaw. Bila shaka ndiye mliyesimuliwa.

Mfumo wake huanzia chini kwenda juu. Paroko au sista aliye kwenye tatizo huandika ombi: watu wangapi, wanahitaji nini, bei gani kwa fedha ya hapo, wao wenyewe watachangia nini hata kama ni mchanga na nguvu kazi. Ombi huambatana na profoma za wauzaji, yaani hati za makisio ya bei, na barua ya askofu wa mahali inayolikubali. Ofisi kuu ina watu wanaoshughulikia kila kanda, nao hulisoma na kurudisha maswali. Kwa nini mabati 400 kwa jengo la ukubwa huu? Kiwanja kina hati? Likikubaliwa, fedha huenda kwa jimbo au shirika la kitawa, na kama ni nyingi huenda kwa awamu: awamu ya pili haitoki mpaka risiti na picha za ya kwanza zifike. Watu hawa wanaosoma, kuuliza na kukagua hulipwa mshahara, na mshahara huo ndio mnaouita "kula". Msaada usio na gharama yoyote ya uendeshaji hauna anayekagua, na huko ndiko fedha hupotea kweli.

Hiyo haimaanishi msiulize. Shirika lolote mnalotaka kulipa, tafuteni taarifa yake ya fedha ya mwaka iliyokaguliwa na mkaguzi wa nje. Someni ni sehemu gani ilikwenda kwenye miradi, sehemu gani kwenye uendeshaji, na sehemu gani kwenye kutafuta wafadhili wapya. Hiyo ya mwisho ikianza kukaribia ile ya kwanza, ondokeni. Taarifa isiyopatikana kabisa ni sababu tosha ya kutotuma. Na mtu akiwaahidi kwamba kila senti itafika bila makato yoyote, mwulizeni benki yake inaendeshwa na nani.

Swali la mzee wenu ni zuri na linastahili jibu refu. Padre msomi anahusikaje na magodoro?

Chukueni Iraq. Usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Agosti 2014, wapiganaji wa Dola la Kiislamu waliingia tambarare ya Ninawi. Wakristo wapatao 120,000 walikimbia, wengi kuelekea Erbil na kitongoji chake cha Ankawa, Agosti ambapo joto la huko hupita nyuzi 40. Walilala kwenye viwanja vya makanisa, madarasani, na kwenye maghorofa yasiyomalizika. Wiki ya kwanza kilichohitajika ni maji, kivuli, maziwa ya watoto, na dawa za presha na kisukari ambazo wazee waliziacha mezani. Baridi ilipoingia, hitaji likawa makontena ya kuishi na kodi ya nyumba. Baadaye likawa shule, kwa sababu mtoto akikosa masomo miaka miwili familia huanza kutafuta viza. Na eneo lilipokombolewa, mwaka 2017 makanisa matatu, la Wakaldayo, la Wasiria Wakatoliki na la Wasiria Waorthodoksi, yaliunda kamati ya pamoja ya kujenga upya Ninawi kwa msaada wa ACN. Kazi ya kwanza ilikuwa kuhesabu. Nyumba zipatazo 13,000 zilipitiwa na kutengwa: zilizobomolewa kabisa, zilizochomwa, na zilizoharibika kiasi. Zilizoharibika kiasi hutengenezwa haraka kwa fedha kidogo, na familia za mwanzo zikirudi, za baadaye hupata ujasiri wa kurudi. Hesabu mbovu ingejenga nyumba za watu waliokwisha kuhamia Australia, na kuwaacha nje wanaosubiri funguo.

Hapo ndipo usomi unapoingia. Anayeongoza kazi hii anatakiwa ajue makanisa ya mashariki yanatofautianaje na nani ana mamlaka juu ya nani, asije akakabidhi fedha za Wakaldayo kwa Wasiria na kuzua ugomvi juu ya msiba. Anatakiwa asimame mbele ya wabunge na wanahabari wa nchi yake aseme jambo linaloweza kuthibitishwa, maana idadi moja iliyotiwa chumvi ikigundulika, kumi za kweli hukataliwa pamoja nayo. ACN hutoa ripoti ya uhuru wa dini duniani kila baada ya miaka miwili tangu mwaka 1999, na inahesabu mateso ya watu wa dini zote, si Wakristo tu. Kwa hiyo mwambie mzee kwamba darasa na godoro havijatengana. Padre anayejua kupima ushahidi ndiye anayejua godoro liende wapi.

Kupima ushahidi maana yake pia ni kukubali kwamba si kila Mkristo aliyeuawa ameuawa kwa sababu ya imani. Katikati ya Nigeria kuna ugomvi wa ardhi na malisho, kuna majambazi, kuna kabila, na kuna chuki ya dini, na mara nyingi vyote vimo ndani ya shambulio moja. Kanisa la Mtakatifu Fransisko Ksaveri huko Owo lilishambuliwa waamini wakiwa Misani, siku ya Pentekoste, tarehe 5 Juni 2022. Komanda, mkoa wa Ituri nchini Kongo, waasi wa ADF waliwaua waamini waliokuwa kanisani tarehe 27 Julai 2025. Matukio kama hayo hayana utata mwingi. Mengine yanahitaji subira kabla ya kuyapa jina. Na kumbukeni kwamba Boko Haram wameua Waislamu wengi mno, na Cabo Delgado nchini Msumbiji, ambako vita vilianza Oktoba 2017, waliokimbia ni Waislamu na Wakristo pamoja. Mwanza tunaishi na majirani zetu Waislamu ukuta kwa ukuta. Ninawaomba kwa dhati: msiuambatanishe mchango huu na zile video za kuchinjana zinazozunguka kwenye makundi ya simu. Hazimlishi mtu hata mmoja aliyekimbia, na zinamjeruhi jirani asiye na kosa.

Wala msidhani jambo hili ni la mbali nasi. Wamisionari wa Afrika walipoondoka Buganda mwaka 1882, walivuka ziwa kuja upande wetu wa kusini, na Bukumbi, hapo Misungwi, ikawa makao yao. Walirudi Buganda mwaka 1885, mwaka ambao mauaji ya Mashahidi wa Uganda yalianza. Mwaka 1888 wakafukuzwa, na Bukumbi ikawapokea mara ya pili. Ufuko huu umewahi kuwa mahali pa kukimbilia.

Nguo na dagaa, sasa. Najua WAWATA wametoa kwa moyo, kwa hiyo sababu ziwe wazi. Gharama ya kusafirisha gunia la nguo hadi Iraq, forodha na ghala vikiwemo, inazidi kwa mbali thamani ya nguo zenyewe. Nguo zilizovaliwa hukaguliwa au kukataliwa mpakani. Nguo za Mwanza ni za joto la Mwanza, na majaketi ya baridi yanauzwa madukani Erbil kwenyewe. Zaidi ya hayo, mzigo wa bure ukimwagwa kwenye mji wenye wakimbizi, mwenye duka aliyekuwa akiwakopesha anafunga. Fedha hazina tatizo hilo: zinanunua hapohapo, saizi sahihi, wakati sahihi. Kwa hiyo fanyeni mnada baada ya Misa Jumapili mbili mfululizo. Nguo nzuri ziuzwe moja moja, zilizochakaa zifungwe pamoja kwa bei ya mafungu, na mapato yaingie kwenye mchango uleule kwa risiti ileile.

Dagaa msiwaache stoo. Mvua ikianza watavuta unyevu na kuota ukungu, na bei itashuka mbele ya macho yenu. Wachambueni: waliokaushwa kwenye vichanja watengwe na wenye mchanga, maana mkiwachanganya mnunuzi atalipa bei ya wabaya kwa wote. Kisha wauzeni Mwaloni, Kirumba. Dagaa na kayabo (sangara aliyekaushwa kwa chumvi) kutoka Mwaloni vinapelekwa Kongo na wafanyabiashara kila siku, wenye vibali, malori na wateja wao. Mkituma fedha kwa parokia ya mashariki ya Kongo, sista wa huko anaweza kununua sokoni kwake dagaa waliotoka ziwa hilihili, bila ninyi kuhangaika na kibali hata kimoja.

Kwenye kutuma, kuna makosa ambayo nayaona yanagharimu sana. La kwanza ni kutuma vipande vipande. Tufanye dola moja ni shilingi 2,500: mchango wenu unakuwa dola 1,944. Tuseme benki yenu na benki ya kati, ile inayopitisha fedha njiani, zikate dola 40 kwa kila muamala. Mkituma mara moja mnapoteza 40, lakini kila jumuiya ikituma kivyake mnapoteza 160, karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya mchango mzima. Kiwango halisi mtaambiwa benki, na ulizeni mambo mawili: bei yao ya kuuza dola siku hiyo, na makato ya benki ya kati yanalipwa na nani. Msipouliza, mpokeaji atapata pungufu na atashindwa kuwaandikia risiti ya kiasi mlichotuma.

La pili ni jina. Jina la akaunti liandikwe kama lilivyo benki huko, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya SWIFT inayoitambulisha benki hiyo. Jina likipishana, fedha hukaa wiki kadhaa kisha hurudi zikiwa zimekatwa pande zote mbili. La tatu ni maelezo ya malipo. Malipo yanayotaja Syria au makundi yenye silaha husimamishwa ili yachunguzwe, na wengine hushawishika kuandika uongo, "ada ya shule" au "biashara". Msifanye hivyo kamwe. Uongo kwenye fomu ya benki unaweza kuwaingiza kwenye kesi ya utakatishaji fedha. Andikeni ukweli mfupi: mchango wa hisani wa parokia fulani kwa jimbo fulani, na muambatanishe barua ya mradi. Syria yenyewe ilikuwa chini ya vikwazo vikali kwa miaka mingi, na benki za Lebanon, zilizokuwa mlango wake, zilianguka tangu mwaka 2019. Kikundi cha jumuiya nne hakiwezi kupenya njia hiyo. Mashirika makubwa yanaweza kwa sababu yana makubaliano ya muda mrefu na maaskofu wa huko.

Je, mtume wapi? Njia ya kwanza ni kupitisha kwa Jimbo Kuu, kwa maandishi, kuelekea jimbo linaloteseka au taasisi ya kipapa. Ubaya wake ni kwamba inachukua miezi, na mtapata risiti ya jimbo, si picha ya mtoto aliyekula unga wenu. Uzuri wake ni kwamba Jimbo linaweza kuunganisha mchango wenu na mingine, likatuma mara moja na kudai taarifa kwa sauti ambayo jumuiya haina. Njia ya pili ni kulipa ACN moja kwa moja kwa benki. Ni salama, ila makato yanauma kwa kiasi chenu. Njia ya tatu ni kuchagua jirani. Jimbo la Pemba, la Msumbiji, lililopokea wakimbizi wa Cabo Delgado, linapakana na Mtwara yetu. Ituri iko karibu nasi kuliko Mtwara yenyewe. Na kambi ya Nyarugusu, Kasulu, imekuwapo tangu mwaka 1996 na imejaa Wakongo, ingawa wao wengi wamekimbia vita kuliko mateso ya dini, na huwezi kuingia na mzigo kambini bila kibali cha serikali.

Ningekuwa mshauri wenu kikaoni ningesema: njia ya kwanza, kwa jimbo moja la jirani, kwa hitaji moja lililotajwa kwa barua. Fedha hizi ni kidogo mno kwa nyumba za Ninawi, lakini zinatosha kabisa kulisha waliokimbilia parokia moja ya Ituri kwa wiki kadhaa. Lakini kama waliochanga walitajiwa Iraq na Syria, msiwageuzie kibao. Rudini kwao, waulizeni, waandikeni waliokubali. Asiyekubali, sehemu yake iende kule alikokusudia.

Kuna njia moja ambayo wengi huisahau: nia za Misa, yaani sadaka anayopewa padre ili aadhimishe Misa kwa nia ya mtoaji. Padre ambaye waamini wake wote ni wakimbizi hana sadaka ya kumlisha, na ACN huwasaidia mapadre wengi kwa njia hiyo. Huku si kununua Misa. Misa haiuzwi, na sheria inakataza hata kinachofanana na biashara. Sadaka ni ya kumtunza padre anayeadhimisha. Kama sehemu ya waliochanga wangependa hivyo, kila nia iandikwe peke yake, kwa sababu kila sadaka iliyopokelewa hudai Misa yake. Mkitoa fedha za mkupuo bila kutaja idadi ya Misa, kanuni ya 950 inasema idadi ihesabiwe kwa kiwango cha mahali anapoishi mtoaji, yaani kiwango kilichowekwa na maaskofu wa huku kwetu. Padre haruhusiwi kupokea nia nyingi kuliko anazoweza kuzitimiza ndani ya mwaka mmoja, ndiyo maana zinapitishwa ofisini zigawanywe.

Mkipokea taarifa kutoka huko, isomeni kwenye jumuiya lakini msiirushe mitandaoni. Jina la kijiji, sura ya binti aliyetoroka watekaji, jina jipya la ubatizo la mtu aliyebadili dini: vitu hivyo huvuka mpaka kwa sekunde na kumrudia mhusika kama kisu. Taarifa nzuri inaweza kusomwa bila jina hata moja.

Yapo mambo ambayo barua hii haiwezi kuyamaliza, mkayaone ana kwa ana. Paroko mwoneni wiki hii kwa ajili ya akaunti na risiti. Kama akaunti ya parokia ina mgogoro wowote wa saini, nendeni moja kwa moja kwa mhasibu wa Jimbo Kuu. Mkiamua kuwa na mfuko wa kudumu wenye jina na akaunti yake, mwoneni mwanasheria kwanza, maana hapo mnaingia kwenye sheria za usajili za nchi. Na kama siku moja mtu akibisha parokiani akisema amekimbia kuuawa, mpeni chakula na mahali pa kulala, kisha paroko ampeleke mwenyewe kwenye ofisi ya uhamiaji na kuitaarifu Caritas, ofisi ya misaada ya Kanisa. Msimfiche. Asiyejiandikisha hukosa ulinzi ambao sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 inampa, na akikamatwa barabarani atahesabiwa mhamiaji haramu.

Ukishakabidhi fedha, bakiza nakala mbili za muhtasari na risiti: moja kwa katibu wa halmashauri ya walei, nyingine kwenye faili la jumuiya. Soma jumla mbele ya wote Jumapili inayofuata, pamoja na makato.